Sikio Nililomficha Kapteni Arkadi

Kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo hata harufu yake bado ninaikumbuka, mwanangu, na leo nitakusimulia yote kwa sababu ya maneno uliyoniambia jana jikoni ukikaanga samaki. Ulisema Alhamisi unakwenda kupimwa na daktari wa shule ya urubani, na kwamba kile kizunguzungu kilichokuangusha mara mbili mwaka huu hutakitaja. Ukaniomba nisimwambie mama yako. Ukasema, "Kwara, ni mara mbili tu. Nikikitaja hawatanichukua." Mimi babu yako nikanyamaza, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali, Awino. Nilikuwa nimerudi nyuma karibu miaka hamsini, kwenye chumba cha daktari chenye harufu ya spiriti, katika nchi ya Warusi.

Unajua kwamba nilisoma huko, lakini sehemu hii sijamsimulia mtu hapa nyumbani isipokuwa marehemu bibi yako. Nilipopata nafasi ya kwenda kusomea urubani, baba yangu, aliyekuwa akiuza samaki Asembo Bay, aliacha kazi siku nzima akizunguka kuwaambia watu. Kanisani waliniombea wamesimama. Tangu siku hiyo sikuwa tena Omolo wa kawaida. Nilikuwa Omolo atakayerusha ndege, na nilipanda ndege kuondoka nikiwa na hofu moja tu moyoni, hofu ya kurudi bila kuirusha.

Shule ilikuwa kusini mwa nchi yao, kwenye tambarare pana isiyo na kilima hata kimoja. Mwalimu wangu alikuwa Kapteni Arkadi Semyonovich. Warusi humwita mtu wanayemheshimu kwa jina lake na la baba yake, kama sisi tunavyosema Ouma wuod Onyango, kwa hiyo jambo hilo halikunipa shida. Yeye ndiye aliyepata shida na jina langu, akawa ananiita Amolo mpaka tulipoachana. Alikuwa mtoto wa mwendesha kivuko kwenye mto mkubwa. Alianza kuruka akiwa kijana kwenye klabu ya ndege zisizo na injini, akaingia jeshini, akaendesha ndege za kivita miaka sita huko kaskazini kwenye baridi kali, kisha akaletwa kutufundisha sisi wageni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Sisi wanafunzi tulikuwa tukinong'onezana kwamba ameomba kuwa mwanaanga, na kwamba yuko kwenye orodha ya wachache waliobaki kupimwa mara ya mwisho.

Kila asubuhi kabla ya kuruka tulipita kwa daktari wa shule, mama mmoja mzee mwenye miwani. Alikushika mkono akahesabu mapigo ya moyo, akakupima joto, kisha akauliza kila mtu swali lile lile: "Kuna malalamiko?" Tukajibu, "Hakuna." Tulilizoea mpaka likawa kama salamu.

Asubuhi ile nilikuwa na mafua ya siku tatu na sikio la kushoto lilikuwa limeziba kabisa. Lakini ilikuwa siku ya mtihani. Ukifaulu na mwalimu nyuma yako, wiki inayofuata unaruka peke yako. Wenzangu wawili walikuwa wameahirishiwa mtihani huo mwezi mmoja kabla, na habari ikazagaa kwamba watarudishwa kwao. Nilimeza vidonge viwili vya kushusha homa, nikapenga kamasi chooni mpaka pua ikaniuma, nikaingia. Yule mama akauliza swali lake. Nikasema, "Hakuna." Aliniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akaweka sahihi.

Ndege yetu ya mafunzo ilikuwa na viti viwili, mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma. Kila mmoja alikuwa na usukani wake, fimbo iliyosimama katikati ya magoti, na fimbo hizo zilikuwa zimeunganishwa. Mmoja akiisukuma, ya mwenzake nayo inakwenda. Tulipanda vizuri. Nilizunguka kulia, nikazunguka kushoto, na Kapteni Arkadi hakusema neno, jambo ambalo kwake lilikuwa sifa. Kisha akaniamuru nishuke kupitia wingu lililokuwa chini yetu kwa kutazama vipimo vya ubaoni pekee.

Tulipoingia wingu, nje kukawa kweupe kama ndani ya gunia la unga. Maumivu yakaanza sikioni, kwanza kama kidole kinabonyeza, halafu kama msumari. Nilimeza mate, nikafungua mdomo, haikusaidia. Tukaendelea kushuka. Ghafla kitu kikapasuka ndani ya kichwa changu na dunia yote ikazunguka. Macho yaliniambia vipimo viko sawa. Mwili wote ukaniambia tunaangukia kushoto. Mwalimu alikuwa ametufundisha siku nyingi kwamba ndani ya wingu unaamini vipimo, lakini mwanangu, mwili ukishaogopa hausikii somo. Nikasukuma fimbo kulia kwa nguvu zangu zote.

Ndege ikalala ubavu, pua ikaelekea chini. Nikasikia injini ikibadilisha sauti na mshale wa mwendo ukapanda.

"Achia," akasema Kapteni Arkadi kwenye vifaa vya masikioni.

Sikuachia.

"Achia. Nimeshika mimi."

Nilimsikia, na nilitaka kutii, lakini vidole vilikuwa vimekauka pale. Niliisikia fimbo ikitetemeka, yeye akivuta upande wake na mimi nikishikilia wangu, na mshale wa kimo ukizidi kuzunguka kurudi nyuma. Yeye hangeweza kunifikia. Kati yetu kulikuwa na ubao wa vipimo na kiti. Angepiga kelele, nadhani ningeng'ang'ania mpaka ardhini. Badala yake sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Amolo. Weka mikono yote miwili kichwani. Nataka kuiona."

Sijui kwa nini amri hiyo iliniingia wakati zile nyingine zilikataa. Nikainua mikono nikaiweka kichwani kama mfungwa. Wakati huo huo tukatoka chini ya wingu, na mbele ya kioo sikuona anga hata kidogo, niliona shamba la alizeti, mistari yake, na trekta limesimama na mtu aliyeanza kukimbia. Kapteni akanyoosha mabawa, akavuta. Uzito ukanikandamiza kitini, macho yakaingia ukungu, kidevu kikanigonga kifuani. Nilipoanza kuona tena, alizeti zilikuwa zikipita chini yetu karibu sana, kisha zikaanza kwenda mbali.

Akaturudisha uwanjani, tukatua. Alishuka, akaja upande wangu, akaona damu imetiririka kutoka sikioni mpaka kwenye ukosi wa shati. Hapo akaelewa. Akanishika mkono akanipeleka kwa yule mama mzee, akakaa kwenye benchi huku nikipimwa. Niliona ameshika shingo yake, lakini nilikuwa najionea huruma mwenyewe, sikuuliza.

Aliponikaripia hakupandisha sauti. "Ungesema asubuhi, ungepoteza siku mbili au tatu," akasema. "Ningekupa chai, nikakurudisha kitandani. Ulinidanganya nikiwa nimekaa nyuma yako. Na yule mtu wa trekta naye ulimdanganya."

Ngoma ya sikio ilipasuka, na ilipopona ilipona vibaya. Madaktari walisema sitaruka tena kama rubani. Wakanihamishia darasa la mafundi wa ndege. Nililia chini ya blanketi kwa wiki nzima nikimwazia baba yangu.

Baada ya kama wiki tatu, Kapteni Arkadi aliitwa Moscow kwa vipimo vya mwisho vya wanaanga. Ilisemekana vingechukua mwezi. Akarudi siku ya tano. Nilikwenda nyumbani kwake jioni, kwenye chumba kimoja alichoishi na mkewe, nikamkuta amefungwa mkanda mgumu shingoni. Mkewe alinipa chai, kisha akaingia jikoni akafunga mlango, na nikajua kwamba alikuwa amelia.

Kumbe wakati ule alipoivuta ndege, alikuwa ameinamisha kichwa pembeni ili aone mbele juu ya bega langu. Uzito wote ukashukia shingo iliyopinda. Picha za hospitali hazikuonyesha kitu. Alikuwa na ganzi tu kwenye vidole viwili, inakuja na kuondoka. Kule Moscow alipita kila kipimo. Walimzungusha kwenye mashine yao inayomfanya mtu awe mzito mara nane, akavumilia. Siku ya mwisho daktari akamuuliza kama ana la kusema, naye akataja vidole. Wakamwondoa kwenye kundi siku hiyo hiyo.

Nilimuuliza kwa nini, maana hakuna mtu ambaye angejua.

Alikunywa chai kwanza. "Nilikukaripia kwa kuficha sikio," akasema. "Ningeendaje kuficha shingo?"

Mwanangu, nilitamani anipige. Nilitoka pale sijui nimeagaje.

Nilimaliza ufundi, nikarudi nyumbani. Baba yangu alinipokea vizuri, lakini aliuliza mara moja tu nitaruka lini, na nilipomjibu hakuuliza tena. Nikapata kazi ya kukarabati ndege ndogo hapa Kisumu, nikaoa, tukakaa kwanza Kaloleni. Kapteni aliniandikia mara chache. Shingo ilimchukua miaka mitatu kupona. Aliomba tena wakamkataa, akaomba tena wakamchukua. Akafanya mazoezi miaka mingi. Mara mbili alikuwa mtu wa akiba, yaani anajiandaa kila kitu pamoja na wenzake, anavaa nguo zile, kisha mwingine anapanda yeye anabaki chini.

Nilikuwa ninapiga pasi shati la kazini nilipolisikia jina lake redioni. Roketi ilikuwa imepaa asubuhi hiyo na watu wawili. Nilikaa chini, shati likaungua, bibi yako akaja akidhani nimeugua. Kuanzia hapo sikuiachia ile redio. Siku ya kurudi kwao walisema chombo kimetua mbali na mahali palipopangwa, kwenye theluji, na helikopta hazijakiona. Saa moja ikapita, ya pili, ya tatu. Nilikwenda kazini na redio, nikaiweka juu ya sanduku la vifaa, na kila nilipofunga boliti nilimwomba mwenzangu aikague, kwa maana mikono yangu sikuiamini. Ilikuwa karibu saa kumi alasiri waliposema wamepatikana hai. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua mpaka msimamizi akaja kunitafuta.

Miezi baadaye nilipata barua yake. Aliandika kwamba walipita juu ya ziwa letu mara nyingi, alilitafuta, na kila mara alikuta mawingu. Aliandika pia kuhusu rafiki yake aliyepimwa pamoja naye, ambaye alitaja tatizo la moyo kwa hiari yake na hakuitwa tena maishani. Sasa alikuwa mwalimu wa hesabu katika mji mdogo. Sitakuficha hilo, Awino. Siwezi kukuahidi kwamba kila anayesema ukweli hupewa alichoomba. Kapteni wangu alipewa. Rafiki yake alinyimwa. Lakini wote wawili walipata usingizi usiku, na hakuna mtu aliyekufa kwenye shamba la alizeti kwa sababu yao.

Kwa hiyo nisikilize. Alhamisi daktari akikuuliza, mwambie. Mwambie uliangukia wapi, ulikuwa umekula nini, ulikaa chini muda gani. Huenda ni upungufu wa damu, huenda ni kitu cha kutibiwa kwa vidonge vya mwezi mmoja. Huenda ni kikubwa, nacho ni bora kikujie ukiwa kwenye kiti cha hospitali kuliko ukiwa juu na watu nyuma yako wamefunga mikanda kwa kukuamini. Wakikuambia subiri, subiri. Wakikuambia hapana, njoo hapa Nyamasaria ulie, mimi nitakaa nawe na hatutaharakisha. Mama yako sitamwambia mimi. Utamwambia wewe, leo, kabla hajalala. Na ukitaka, Alhamisi nitavaa koti langu nikusindikize, nikae kwenye benchi ya nje.

Mungu akupe mwili wenye afya na ulimi usiomwogopa daktari. Akufungulie anga kama ni yako, na kama si yako akuonyeshe iliyo yako mapema, ungali na nguvu za kuifuata. Popote utakaposhika usukani wa watu, akurudishe chini salama pamoja nao. Nenda, mwanangu, mama yako amefika.