Kiungulia cha Fundi Sentimita

Shemeji yangu Sentimita ni fundi cherehani, na mimi ndiye mwekaji wake wa vifungo. Tuko watatu katika chumba kimoja kinachotazama barabara: yeye kwenye meza ya kukatia, dada yangu, yaani mkewe, kwenye cherehani ya mapindo, na mimi dirishani na kopo langu la vifungo. Jina la Sentimita alipewa na wateja. Ukimwambia kiuno chako ni themanini atakuzungushia futi, atacheka kidogo, kisha atautangaza ukweli mpaka wapita njia wausikie. Kuna wanawake walishaondoka dukani wakilia. Yeye husema nguo haidanganyiki.

Basi mwulize kuhusu nguo zake mwenyewe. Suruali zake zote hukatwa kwa karatasi ngumu inayoning'inia ukutani, kipimo cha suruali aliyovaa siku ya harusi. Siku hizo ungeweza kumhesabu mbavu. Tangu hapo kitambi kimekuja, kimepiga kambi, na karatasi haijabadilika hata kwa upana wa uzi. Asubuhi kifungo hufungwa kwa ushirikiano: yeye anavuta pumzi, dada anasukuma kwa goti. Mganga hajigangi, walisema, lakini mganga angalau anajua kuwa anaumwa.

Mchana hula chakula cha watu wawili, nyama ya kukaanga iliyozama kwenye mafuta na pilipili, anateremshia soda, halafu anapanda juu ya meza ya kukatia, anajinyoosha chali katikati ya vitambaa na kulala. Wateja wageni huchungulia, huinamisha vichwa na kuondoka, wakidhani tuna msiba.

Siku moja alishtuka kutoka kwenye usingizi huo ameshika kifua, macho yamemtoka pima. Dada alikuwa ametoka kununua uzi.

“Shemeji,” akaninong'oneza, “kifua kinawaka moto. Huu ni moyo. Ndiyo safari hii.”

“Safari ya wapi tena?”

“Ya kule wasikorudi.”

“Twende hospitali basi.”

“Wakaniambie nini? Kwamba nakufa? Si nimeshajua! Na dada yako usimwambie. Presha itampanda, atatangulia yeye.”

Akaniapisha palepale. Mimi nikaapa, nikijua wanaume wakipata mafua huaga dunia kila baada ya saa moja. Kumbe mwenzangu alishajizika kabisa.

Tangu siku hiyo akaanza kumshonea dada magauni. Kazi za wateja zikisubiri, yeye anashona la kazini, la kutokea, la wakati wa baridi. Nikamuuliza kulikoni.

“Nikifa nani atamshonea? Yule?” Akaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara, kwa fundi mwingine, mwembamba, sigara haimtoki mdomoni. “Yule anashona bega kama anafunga gunia. Siwezi kulala kaburini nikijua mke wangu kavaa bega la yule.”

Kisha likaja gauni jeusi, zuri ajabu, mikono mirefu, kola imekaa. Hilo nikauliza ni la nini.

“La siku yenyewe,” akasema. “Sitaki waseme mke wa fundi kamzika mumewe na nguo ya kuazima.”

Niliingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo nikacheka na kulia kwa pamoja, maana jamani, mtu huyu ni mjinga na nampenda.

Dada sasa. Gauni la kwanza alilipokea kwa vigelegele. La pili akashukuru. La tatu akaacha kula. Alinivuta pembeni, sauti imemkauka.

“Mwanamume akikupa gauni moja, anakupenda. Akikupa mfululizo bila kuombwa, kuna mtu. Na usiku halali. Anakaa ameegemea ukuta anajipapasa kifua, anahema. Nikimuuliza, ‘Lala tu, mama watoto.’ Anamuwaza nani?”

Ulimi uliniwasha. Lakini kiapo ni kiapo, nikajibu kwamba labda ni joto. Dada akanitazama jinsi unavyomtazama mtu anayekula pesa zako huku akikuchekea.

Asubuhi iliyofuata hakumsaidia mumewe kufunga kifungo. Sentimita alikifunga peke yake, akaja dukani uso umeiva. Dada aliingia nyuma yake na magauni yote mkononi. Akayabwaga mezani, akachukua mkasi mkubwa.

“Nitajie huyo mwanamke ni nani. Usiponitajia nakata moja moja.”

“Mwanamke gani?”

Mkasi ukaenda moja kwa moja kwenye lile jeusi.

“Hilo usikate!” Sentimita akapiga kelele, mikono yote miwili kifuani. “Utalihitaji!”

“Nitalihitaji kwa ajili ya nini?”

Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia.

“Hana mwanamke, dada. Ana moyo.”

Mkasi ukashuka mezani taratibu. Dada alimtazama yule mwanamume alivyokunja uso, akatazama gauni jeusi, akaelewa ni la lini. Rangi ilimtoka.

“Vaa viatu,” akamwambia.

Hospitali walimbandika nyaya kifuani, wakamtoa damu, wakatuweka tusubiri. Dada hakusema neno. Hatimaye daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, akatuita ndani.

“Umefanya vizuri kuja. Maumivu ya kifua hayakisiwi nyumbani. Lakini moyo wako ni mzima. Hii ni tindikali ya tumbo inapanda kooni. Kiungulia kilichoota mizizi.”

“Ni ugonjwa wa nadra?” Sentimita akauliza kwa matumaini.

“Hata kidogo. Chukua watu wazima kumi, mmoja au hata wawili wanao. Ukienda pale kwenye benchi uulize, utapata wenzako.”

Nilimwona amekasirika. Mtu amejiandalia kifo cha heshima, kumbe anaumwa kitu cha kwenye benchi.

Daktari akaanza kumhoji. Sigara? Hapana, akajibu kifua mbele, na huo ndio mtihani pekee aliofaulu. Mafuta? Pilipili? Soda? Anakula kupita kiasi?

“Nakula kawaida.”

“Kawaida ya ng'ombe,” dada akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza.

“Unalala mara baada ya kula?”

“Najiegesha kidogo.”

“Chali,” nikasema mimi. “Mezani.”

Daktari akaeleza kwamba kati ya koo na tumbo kuna mlango, na mlango huo ukilegea, nawe ukajaza tumbo na kulala, kilicho chini kinapanda juu. Wajawazito hupata, wavutaji hupata hata wakiwa wembamba, dawa nyingine nazo huchangia, ila kitambi ni mchochezi mkubwa. Halafu akamwambia alegeze suruali ampapase tumbo.

Sentimita akavuta pumzi. Kifungo kikaruka, kikagonga trei ya vyuma na kulia kama kengele. Mimi niliyekishona nasema kwa fahari: uzi wangu ulishika, kitambaa ndicho kilichoachia.

Tumboni palikuwa na alama nyekundu kuzunguka kiuno kizima. Daktari akaifuata kwa kidole.

“Suruali hii kakushonea nani?”

“Fundi mmoja,” Sentimita akasema, macho dirishani. “Yuko ng'ambo ya barabara.”

“Mwambieni anamwumiza mtu. Amembana mpaka tindikali haina pa kwenda ila juu.”

“Nitamwambia mwenyewe, daktari,” dada akajibu. “Nalala naye.”

Daktari aliacha kuandika. Alimtazama Sentimita kwa huruma kubwa, akamwongezea dawa, akasema ale kidogo kidogo, asilale mpaka chakula kishuke, ainue upande wa kichwa wa kitanda, na kuhusu mengine ya nyumbani awaone wazee wa familia.

Mimi nilitoka nje nikiwa sina mbavu. Sentimita alinifuata ameshikilia suruali kwa mikono miwili, anacheka na yeye, maana amefufuka. Dada hakucheka. Alisimama katikati ya ukumbi, machozi yakaanza kumtiririka mbele ya watu wote wa kwenye benchi.

“Mama watoto, si nimepona?”

“Nimelala ubavuni kwako nakuchukia,” dada akasema. “Wewe unakufa hapo pembeni yangu, na mimi nakuchukia. Ingekuwa kweli je?”

Sentimita alifungua mdomo ajitetee, dada akamwahi.

“Siku nyingine ukiogopa, niambie. Usinishonee.”

Akaiachia suruali ili amkumbatie. Ikateremka mpaka magotini, benchi zima likaguna, na hakuinama kuipandisha.