Wimbo Uliokatika kwenye Cherehani

Mwalimu wa sauti, anayenifundisha kuimba, ameniganda kama kupe. "Mama Fundi, andika. Watu wasome." Wasome nini? Mimi kuandika kwangu ni kifua, kiuno, mkono, urefu, na jina la mwenye nguo. Nikamwambia mwenye shida ya kujua aje aniulize, nyumba haijahama. Akasema wengine wako mbali. Haya basi, naandika. Pakikosewa herufi mtavumilia, mimi nimevumilia mengi zaidi.

Nimeshona nguo miaka arobaini na mitatu. Mume wangu alikuwa fundi wa kufuli, mtu wa maneno mengi. Kufuli moja hadithi tatu. Mwaka jana kiharusi kikampiga upande wa kulia, na maneno yote yakaenda. Anakutazama, anaelewa, mdomo unafunguka, halafu hakuna kitu. Mimi alikuwa akiniita Fundi. Hata hilo halikutoka.

Mtaalamu wa mazoezi, binti mmoja anayekuja kumnyoosha mkono, akaniambia, "Bibi, wako wanaopoteza maneno lakini nyimbo zikabaki. Mwimbie. Akiitikia, hapo tutapata pa kuanzia."

"Mimi siimbi."

"Kila mtu anaimba, Bibi."

"Kila mtu huyo si mimi."

Lakini usingizi ulinipaa. Jumamosi iliyofuata nikavaa gauni la heshima, nikaenda kwenye darasa la watu wazima, chumba cha juu kwenye ile shule iliyo nyuma ya duka la vioo. Walimu wawili. Mwalimu wa kinanda, mwembamba, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Na huyu wa sauti, mwanamke wa haja, akisema tu "karibuni" madirisha yanatetemeka. Walimu wazuri, sikatai. Mimi ndiye nilikuwa sielewi.

Ubaoni walichora mistari mitano na vidoti juu yake. Niliona pini zimechomekwa kwenye uzi, basi. Mwalimu wa kinanda akabonyeza, akasema, "Hii ni ya chini. Hii ni ya juu."

Nikatazama kinanda. Kimelala bapa kama meza ya kukatia kitambaa. "Juu iko wapi?"

"Huku kulia, Mama."

"Tangu lini juu ikawa kulia?"

Darasa likacheka. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori, tulimwita Honi kwa sababu ya sauti yake, akasema, "Mama Fundi, huku kwetu tunapanda mlima kwa kukata kona." Nikamwambia aangalie breki zake. Lakini moyoni sikuelewa, na kuuliza mara ya pili sikuuliza. Sijawahi kumuuliza mtu kitu mara mbili, hata nikiwa mwanafunzi wa ushonaji.

Wiki ya nne wakanisimamisha mbele peke yangu. Mwalimu wa sauti alikuwa amenitungia wimbo mfupi wa kumwimbia mzee wangu: habari ya asubuhi, umeamkaje, nipe mkono. Nikaimba. Akanisogelea, akanichungulia mdomoni kama daktari wa meno.

"Mama, mbona hufungui mdomo?"

"Nimefungua."

"Haupiti hata uzi. Na maneno yote yanatokea pembeni, upande wa kushoto."

Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia. Akapiga kofi moja, paaa. "Pini!"

Ni kweli. Ukipima pindo la mteja, mikono yote miwili ina kazi, pini unaziweka mdomoni, sita, saba, upande wa kulia, na maneno unayapitisha kushoto. Ukicheka, umezimeza. Miaka arobaini na mitatu mdomo wangu umefumbwa hivyo na sikujua. Nilidhani ndivyo midomo ilivyo.

Basi akanifundisha kufungua. Vidole viwili vipite kati ya meno. Pumzi itoke tumboni, mabega yatulie. Wiki saba nyingine. Mwisho wakasema imekaa sawa, hata Honi alipiga makofi, na yule hapendi kumsifu mtu.

Asubuhi yake nikasimama mbele ya kitanda cha mzee, vidole viwili, tumbo, mabega. Nikaimba vizuri kabisa. Habari ya asubuhi, umeamkaje.

Mzee akanitazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekosea mlango. Kisha akageukia ukutani.

Siku tatu niliimba. Siku tatu ukuta. Nikasema basi, yamekwisha, nimejidhalilisha bure mbele ya madereva.

Mchana wa siku ya nne nikakaa kando yake nikimpunguzia suruali, maana amekonda. Pini mdomoni, nina hasira, simsemeshi. Nikawa nabana pindo. Mara nikasikia kutoka kitandani, taratibu, kwa wimbo:

"Acha cherehani... njoo tule..."

Pini zikanidondoka mapajani. Nikageuka. Alikuwa ananitazama mdomo.

"Umesemaje?"

Mdomo wazi, hakuna kitu.

Binti yangu alikuwa mlangoni na beseni la nguo, analia. Nikamuuliza, "Kaimba nini huyu?"

"Wimbo wako, Mama."

"Wimbo wangu upi?"

"Si huo unaouvumisha puani ukishona? Tangu nizaliwe nausikia. Baba alikuwa akiutilia maneno jikoni."

Mimi? Nilimbishia mpaka sauti ikakauka. Sijawahi kuimba maisha yangu yote! Akaniambia nirudishe pini mdomoni nishone. Nikashona. Na kweli, kitu kikaanza kutoka puani chenyewe, na mzee akadaka, "Acha cherehani, njoo tule, Fundi..." Hapo kwenye Fundi mimi nikanyamaza, yeye akanyamaza. Akabaki ananisubiri. Na mimi sina cha kuendelea nacho. Nikijaribu kwa makusudi, unapotea kabisa.

Nikawapelekea walimu. Nilishona mbele yao pale darasani, mwalimu wa kinanda akaufuata kwa vidole, akauandika, vidoti kumi na tisa. Akavua miwani. "Mama, huu haujaisha. Umekatika njiani. Na siujui." Wa sauti naye haujui. Labda mama yangu aliuimba, labda mteja, labda redio ya jirani. Binti wa mazoezi anasema wimbo ukipata sehemu iliyobaki, huenda na maneno mengine yakaufuata. Kila siku mzee anafika kwenye Fundi, anasimama hapo, ananitazama.

Kwa hiyo wewe unayesoma, usinipe pole. Mwalimu wa kinanda ataupiga kila Jumamosi saa nne, chumba cha juu, nyuma ya duka la vioo. Panda ngazi, usikilize. Kama unaujua, njoo nyumbani ukae kando ya kitanda, uimbe kinachofuata baada ya kidoti cha kumi na tisa. Kama huujui, muulize mama yako akiwa bado yupo. Na usinitungie. Nitajua.