Wiki Mbili za Simu Sandukuni

Simu niliifungia kwenye sanduku la nguo siku niliyokuta nyumba imejaa moshi. Ilikuwa Juni, shule zimefungwa, nami nilikuwa nimetoka zamu kwenye hoteli ya watalii ninakopika, huko juu karibu na lango la Ngorongoro. Maharage yalikuwa yamegeuka mkaa ndani ya sufuria. Binti yangu mkubwa, wa kidato cha pili, alikuwa kitandani na video zake. Mdogo wake wa miaka minne alikuwa amekaa sakafuni hatua moja tu kutoka kwenye jiko, anakohoa.

Sikumpiga. Nilinyoosha mkono, akanipa simu. Ilikuwa simu yangu ya zamani, kioo kimepasuka pembeni. Nilimwachia wakati wa likizo tu, maana shule yao ni ya bweni na simu haziruhusiwi.

"Hadi shule zifunguliwe," nikamwambia.

"Sasa Mama, nitafanya nini siku nzima?"

"Utafanya tulichofanya sisi."

Ilikuwa rahisi kusema. Ukweli ni kwamba mimi nilipokuwa msichana Rhotia sikuwahi kupata nafasi ya kuchoshwa na siku. Kulikuwa na maji ya kuteka, kuni za kutafuta na ng'ombe wa kupeleka mtoni. Mwanangu ana bomba uani. Nisingeweza kumtuma maji yasiyohitajika ili apate cha kufanya. Baba yao, dereva wa watalii, alikuwa Serengeti na hakuwa wa kurudi mapema. Basi nikachukua karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza, nikaandika ratiba. Asubuhi kazi za ndani, kisha kupukuchua mahindi. Mchana kusoma, hata kama ni vitabu alivyokwisha kuvisoma. Baadaye amfundishe mdogo wake herufi. Jioni aende kwa jirani, mama mmoja mtu mzima anayefuma vitambaa vya makochi, akajifunze kushika sindano.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Ukungu wa Karatu ulishuka hadi uani na haukuondoka mpaka saa sita. Alikuwa anakaa kwenye kizingiti amejifunika kanga, anatazama njia kama mtu anayesubiri gari. Nikimuuliza amefanya nini, ananijibu, "Nilichoandikiwa."

Lakini pole pole mambo yakabadilika. Nilirudi siku moja nikamkuta amechora mraba wa drafti kwenye kipande cha boksi, amekusanya vizibo vya soda, anacheza na jirani yetu yule mtu mzima. Jirani alikuwa anamshinda kila mara na kumcheka kwa Kiiraqw, lugha ya huku kwetu. Siku nyingine nilikuta amelima kitalu cha mchicha nyuma ya jiko, na mdogo wake anaandika jina lake kwa mkaa kwenye ukuta wa choo. Nilijisikia mama hodari. Kule jikoni hotelini niliwasimulia wenzangu huku tukimenya viazi. Nikawaambia watoto hawahitaji simu, wanahitaji wazazi wenye msimamo. Nililisema hilo kwa sauti kubwa, na wawili walinitaka ile ratiba.

Jumanne ya wiki ya pili, nikiwa navaa viatu niende kazini, binti yangu alikuja akasimama mlangoni.

"Mama, naomba simu dakika moja tu. Kuna mtu nataka kumjulia hali."

"Ndivyo inavyoanza. Dakika moja, halafu saa nzima."

"Siangalii kitu kingine. Nitaishika mbele yako."

"Huyo mtu utamkuta shuleni."

Alifungua mdomo kama anataka kuongeza neno. Mimi nilikuwa nimeshatazama saa, gari la wafanyakazi halisubiri. Nikatoka.

Jumamosi nilikwenda sokoni mjini. Nikiwa nachagua nyanya, mama mmoja ambaye mtoto wake anasoma na wangu akanishika bega. Tukasalimiana, kisha akasema, "Hatukuwaona Kansay juzi."

"Kansay kuna nini?"

Alinitazama kidogo. "Msiba. Mama yake yule binti anayelala kitanda kimoja cha ghorofa na wako bwenini, yule wa juu. Tumezika Alhamisi. Tulidhani mmepata udhuru."

Nyanya niliziacha pale pale. Rafiki huyo nilimfahamu. Alikuwa amekuja kwetu mara mbili, msichana mrefu mwenye haya, akasaidia kuosha vyombo bila kuambiwa. Na mama yake nilikuwa nimeketi naye kwenye kikao cha wazazi, akiwa amejifunga shuka begani, akilalamika kifua.

Nyumbani niliitoa simu sandukuni nikaiweka kwenye chaji. Binti yangu aliniona, akaja akasimama. Ilipowaka, ujumbe ukaanza kuingia mmoja baada ya mwingine, simu ikitikisika juu ya meza. Nilimwachia asome mwenyewe. Alisoma akiwa wima. Jumapili: Mama amezidiwa, tunampeleka hospitali. Jumatatu: Mbona hupatikani? Jumanne asubuhi: Mama amefariki. Tunazika Alhamisi. Njoo. Baada ya hapo kulikuwa na taarifa za simu zilizopigwa tu, nyingi, zote za namba ile ile.

Hakulia. Aliniuliza swali moja, kwa sauti ya chini kabisa.

"Mama, ile siku niliyokuomba ilikuwa Jumanne?"

Nikamwambia ndiyo.

Jumapili baada ya ibada tulipanda bodaboda tukaenda Kansay, yeye nyuma yangu, kilo za sukari na unga zikiwa mapajani. Njia nzima hakunishika kiuno. Alishika chuma cha nyuma ya kiti.

Mume wa marehemu alitupokea uani. Nikamwamkia, nikasema poleni na msiba, akajibu tumeshapoa, akatuletea viti. Hakuuliza kwa nini tumechelewa, na heshima yake hiyo ndiyo iliyoniumiza. Binti yake alitoka jikoni, mikono imejaa unga. Alimtazama mwanangu.

"Nilidhani umeninunia," akasema. "Nikawa najiuliza nimekukosea nini."

 Mwanangu alinigeukia mimi, akanisubiri. Nikaelewa kwamba neno hilo ni langu.

"Simu niliifungia mimi," nikasema. "Aliniomba siku ile ile, nikamkatalia. Hakujua lolote."

"Sawa, Mama," yule msichana akasema, akarudi jikoni. Mwanangu akamfuata.

Wakati wa kuondoka binti yangu aliomba abaki. Nilimwacha wiki nzima. Aliporudi alikuwa amekonda na mikono ina malengelenge ya kamba za ndoo. Nilimkanda kwa maji ya chumvi, na katika kukanda nikamwomba msamaha, jambo ambalo mama yangu hakuwahi kunifanyia na sikujua linavyoanza.

"Nimekusamehe," akasema. Kisha akaongeza, "Ila Alhamisi ile nilikuwa na furaha. Nilimshinda jirani mara ya kwanza, nikapiga kelele hadi mtoto akaamka. Na wao walikuwa wanazika."

 Niliendelea kukanda.

Shule zilipofunguliwa kitanda cha juu kilibaki kitupu. Yule rafiki alihamia shule ya kata karibu na kwao ili awaangalie wadogo zake. Muhula mzima mwanangu aliandika barua, moja ikajibiwa. Sasa hivi kila likizo anakwenda Kansay siku tatu au nne. Anasema wakiwa pamoja hawaongei sana kama zamani, wanafanya kazi tu, na rafiki yake huwa anachoka mapema.

Simu siku hizi iko juu ya kabati, haina kufuli. Ratiba sijaiandika tena. Majirani wakinipa hongera kwa watoto wasioshinda kwenye kioo, nashukuru na kubadilisha mazungumzo. Binti yangu bado huniomba kabla ya kuichukua, ingawa nilimwambia asiniombe. Anasimama pale mlangoni, anataja jina la mtu anayetaka kumpigia, na anangoja.