Mkwaruzo wa Mlango wa Kushoto

Nilirudi Tabora na vitu vitatu: diploma ya elektroniki, gari jeupe nililolinunua kwa jasho langu baada ya miaka saba ya kufunga redio za magari Dar es Salaam, na sikio. Diploma hata wewe unaweza kuipata ukivumilia darasani. Sikio nilizaliwa nalo. Nilipanga chumba cha mbele Kanyenye, nikatundika diploma mahali ambapo mteja hawezi kuikwepa, nikasubiri mji uje.

Mji haukuwa na haraka. Watu waliona mwanamke kavaa ovaroli, wakaniuliza fundi yuko wapi. Kwa hiyo mama mmoja wa mtaa ule alipokuja kutaka gari langu liongoze msafara wa Jumamosi wa kumpeleka bintiye kwa mumewe Ipole, tena lipige kaswida njia nzima, nilijua siku yangu imefika. Msafara wa harusi haufichiki. Watu hutoka hadi barazani kuusikiliza. Ukipita vizuri, mji umepata fundi. Ukipita vibaya, mji umepata kichekesho, nami ningelazimika kurudi Dar na diploma yangu chini ya kwapa.

Alhamisi nikafunga spika mpya kwenye milango miwili ya mbele. Nyaya nilizizungushia utepe wa kitambaa zisigonge bati, skrubu nikazikaza zote kwa nguvu sawa. Nilipowasha, ungeweza kuhesabu matari moja moja. Alasiri mama yangu alikuja kutoka Isevya kuona kazi. Alilizunguka gari, akapapasa milango, akasema mashaallah mara nyingi kuliko kawaida yake. Nikaingia ndani kumletea maji. Niliporudi alikuwa ameegemea mlango wa kushoto, ametulia kabisa.

Ijumaa asubuhi mama wa bibi harusi akaja kusikiliza. Nikabonyeza kwa madaha. Sauti za waimbaji zilitoka safi. Matari yalipoingia, mlango wa kushoto ukajibu: trrr-ta-ta-ta-ta.

Nikapunguza. Nikaongeza. Trrr-ta-ta-ta-ta.

"Mwanangu," akasema yule mama, "hii ni harusi au mashine ya kukoboa mpunga?"

"Ni kitu kidogo, mama. Kimelegea tu."

"Nakupa mpaka baada ya alasiri. Ikishindikana, kuna kijana kule stendi ana gari. Halina diploma, lakini halikohoi."

Jirani yangu, fundi cherehani, aliachia pedeli kwa kucheka. Yeye ni Mzaramo wa pwani, mimi wa huku Tabora, kwa hiyo ni mtani wangu tangu enzi za misafara ya wapagazi, na mtani hakosi la kusema. "Babu zako walivuka kwetu na pembe za ndovu mabegani, hakuna hata moja iliyogonga nyingine. Wewe umeshindwa spika mbili?"

"Babu zangu waliwaacha babu zako wanachungulia vichakani. Shona."

Nikafungua mlango. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wakisikia mkwaruzo wanailaumu spika, wanaitupa, wananunua nyingine. Mimi nilizibadilisha nafasi, ya kushoto nikaipeleka kulia na ya kulia kushoto. Mkwaruzo ulibaki kushoto. Basi spika haina kosa. Nikaitoa kabisa, nikaiweka juu ya kanga iliyokunjwa, nikaipigisha nje ya mlango. Ikaimba kama malaika. Kwa hiyo mwenye kosa ni mlango. Nikakagua klipu za kava, moja moja. Nikabana nyaya za kupandishia kioo. Nikaweka sponji kila mahali bati lilipokaribia bati. Nikarudisha kila kitu, nikawasha.

Trrr-ta-ta-ta-ta.

Adhana ya Ijumaa iliita, watu wakaenda, watu wakarudi. Shati alilokuwa akilishona Mzaramo likawa limekwisha, gari langu bado. Sikuwahi kushindwa na mlango Dar nzima, na jasho lililokuwa linanitoka lilikuwa la mtu anayeanza kufikiri juu ya kijana wa stendi.

Hapo mama akafika na hotipoti ya wali. Nilimpa shikamoo nikiwa nimepiga magoti, nikilegeza tena skrubu. Akaitikia marahaba, kisha akauona mlango ulivyo wazi.

"Unafanya nini huko?"

"Naangalia kinachogonga."

"Angalia juu. Huko chini usichokonoe."

Nikaacha bisibisi. "Mama. Huko chini kuna nini?"

"Kutakuwa na nini? Chuma."

Nikaingiza mkono kwenye tundu la spika mpaka begani, nikapapasa sakafu ya mlango. Vidole vikagusa kikopo cha dawa ya kuchua, kile kidogo cha bati. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya dua iliyokunjwa na punje za habasoda. Mama alikuwa amekidumbukiza Alhamisi, kwenye upenyo wa kioo, wakati mimi nachota maji.

Mzaramo alilaza kichwa juu ya cherehani, mabega yakimtikisika.

"Mama, hiki ndicho kilichotaka kuniharibia kazi!"

"Hicho ndicho kinachokulinda," akasema, wala hakucheka. "Kesho mtoto wa kike anaongoza harusi kwa gari lake mwenyewe. Macho yote ya mji huu yatakuwa juu yako. Nikuache utoke mtupu?"

Nilikuwa na la kujibu, na lilikuwa la kisomi. Lakini nilimtazama, nikakumbuka miaka saba aliyokuwa akinisindikiza stendi kila likizo bila kunionyesha machozi.

"Basi kitabaki," nikasema. "Ila kitavaa nguo."

Mzaramo alishona mfuko mdogo wa kipande cha kanga, mimi nikaujaza sponji mpaka kikopo hakina nafasi ya kupumua. Nikaubana kwenye kona ya chini, mbali na njia ya kioo na matundu ya kutokea maji. Mama akausukuma kwa kidole chake, akaridhika.

Mama wa bibi harusi alirudi baada ya alasiri. Matari yaliingia, mlango ukanyamaza. Akaweka kiganja juu ya kava, akasikiliza kaswida mpaka mwisho.

"Kulikuwa na nini?"

Sijafungua mdomo, mama yangu akajibu, "Diploma, mwenzangu. Mwanangu ana diploma."

Jumamosi tuliingia Ipole na matari yakisikika kabla vumbi letu halijaonekana. Jumatatu magari mawili yaliningoja mlangoni, na hakuna aliyeuliza fundi yuko wapi. Siku hizi, mteja akilalamika kwamba gari linakwaruza, kabla sijashika bisibisi namuuliza kwanza kama mama yake ameshalipitia. Wengine hucheka. Wengine husita kidogo, kisha wananionyesha mlango.