Somo la Kihispania kwenye Posa ya Salma

Naona haya hata kusimulia, lakini kwa kuwa mmeshasikia vipande vipande huko mtaani Kimisagara (navyo vimetiwa chumvi), bora mnisikie mwenyewe.

Mama Salma, fundi cherehani aliyenipangisha chumba nilipohamia Kigali kutoka Bukoba, alikuwa anamwoza binti yake wa pekee kwa kijana wa Guinea ya Ikweta, huko wanakozungumza Kihispania. Akaniambia, "Mwalimu, siku ya gusaba mimi mwenyewe ntasema na mama ya bwana. Mutoto yangu anaenda mbali, huyo mama anijue." (Gusaba ndiyo posa ya Kinyarwanda, na mwalimu ndiye mimi, niliyejifunza Kihispania kwenye simu.)

Tukaanza na vitenzi viwili, ser na estar, vinavyomuunganisha mtu na hali yake: ser kwa vile alivyo siku zote, estar kwa vile alivyo sasa hivi. Akauliza kwa nini wanajisumbua hivyo wakati "iko" inatosha kila kitu.

Sasa wiki ya posa mvua ikakazana, nami nikaona uvivu kushuka kutoka kilimani Gisozi, nilikokuwa nimeshahamia, nikamrekodia somo kwenye simu: makaribisho mwanzoni, kisha mifano iliyonijia tu kichwani, jirani yangu ni mnene, supu yake imepoa, mzee huyu amelewa. Mama Salma hasomi sana herufi hizi, ila alihifadhi Kurani madrasa tangu utotoni, na mtu wa namna hiyo ukimpa sauti anaishika yote, haachi kitu.

Siku ikafika. Akasimama na mushanana yake, vazi la sherehe la Kinyarwanda, akawakaribisha wageni kwa Kihispania safi mpaka vigelegele vikapigwa, nami nikavimba kichwa. Kisha akaendelea. "Mi vecina es gorda," yaani jirani yangu ni mnene, akasema kwa upole, akimtazama mama mkwe wa Salma, aliyekaa ubavuni mwa dada yake, na dada mwenyewe si mwembamba. Watu wetu wakapaza sauti, "Tafsiri!" Nikasema amefurahi kuwaona. Likaja la supu, nikasema anawaombea baraka. Likaja la mzee aliyelewa, na mkono ukaelekea kwa baba mkwe (jasho likanitoka mpaka kwenye soksi), halafu akamalizia, "Repitan, por favor," yaani rudieni, kama nilivyosema mimi kwenye simu! Wageni walikuwa wameambiwa gusaba ina michezo yake na wafuate lolote watakaloombwa, basi wakarudia kwa sauti moja kwamba mzee amelewa, pamoja na mzee mwenyewe.

Kicheko kikalipuka upande wao. Mama Salma akanigeukia, uso umemshuka. "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Iliniuma sana, maana alikuwa amejifungia wiki nzima akijifunza. Nikachukua kipaza sauti, nikakiri kwa lugha zote mbili kwamba mama hana kosa, uvivu ni wangu. Mama mkwe akajifuta machozi ya kucheka, akainuka, akamshika mikono yote miwili, akasema polepole, "Su hija es mi hija."

Nikafungua mdomo nitafsiri: binti yako ni binti yangu.

"Nyamaza, mwalimu," Mama Salma akasema, machozi yakimtiririka. "Hiyo nimeelewa."

Tangu hapo sirekodi tena somo la mtu. Mvua inyeshe isinyeshe, nashuka kwa miguu.