Kiganja cha Bibi Faida kwenye Mfarishi

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko hata ya arusi yangu ni ile iliyoitangulia kidogo, uani kwetu Ng'ambo, Tabora, wakati wa Mwingereza.

Nilikuwa naolewa Nzega. Mama akaamua kunishonea mfarishi, lile shuka nene la vipande vipande la kujifunikia wakati wa baridi. Kaka yangu Saidi, aliyekuwa akinakili ramani katika ofisi ya reli, ndiye aliyeleta jambo geni. Alisema ile dawa inayotoa ramani za buluu inashika hata kitambaa cheupe. Ukikipaka, ukaweka juu yake negativu, ile filamu ambayo picha huchapwa kutoka kwayo, ukaanika juani kisha ukasuuza, sura ya mtu inabaki, nacho kinashonwa kwenye mfarishi kama kipande kingine. Akaomba dawa iliyobaki kazini, akapewa. Mpiga picha wa mjini naye akatuazimisha negativu za picha alizowahi kutupiga. Tukaichapa sura ya baba na kanzu yake, tukaichapa ya mama, tukaichapa na ya shangazi aliyebatizwa akahamia misheni ya Kipalapala, msalaba wake kifuani. Damu haichagui msikiti wala kanisa.

Akabaki Bibi Faida, mama yake baba. Huyo hakuwahi kupigwa picha. Kila akiombwa alijibu, "Sitaki," akaendelea na shughuli zake.

Saidi akaazima kamera. "Nitampiga picha kupitia dirishani akiwa anatwanga," akaniambia. "Hatajua."

Moyo ulinivuta, sikufichi, maana nilikuwa naenda mbali naye. Lakini nikamwambia, "Ngoja. Sote tumemuuliza kama anataka. Hakuna aliyemuuliza kwa nini hataki."

Nikamkuta barazani akibangua karanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umetumwa?"

"Nimejituma."

Nikaketi, nikabangua naye. Neno la mzee halivutwi kwa kamba. Karanga zilikaribia kwisha ndipo akasema, macho yake kwenye ungo:

"Mimi nililetwa hapa na msafara kutoka Manyema, ningali mtoto. Walitupanga mstari. Mtu akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku, akanifungua kinywa kama anayenunua punda. Siku nilipokuwa huru nilisema, uso huu atautazama ninayemtaka, aje aketi mbele yangu kama ulivyoketi wewe. Sasa mnataka uende Nzega kwa watu nisiowajua."

Nikabangua karanga za mwisho. Kisha nikamwambia, "Basi, bibi. Hautakwenda."

Saidi alipopata habari hizo hakubishana. Aliirudisha kamera mchana uleule.

Kesho yake tulikuwa uani na kipande cha mwisho cha kitambaa, Bibi akatoka akasimama karibu yetu. "Hiyo dawa yenu inashika uso tu?"

"Inashika chochote kinachozuia jua, bibi," Saidi akamjibu.

Akaketi mkekani, akakunja mkono wa gauni, akaweka kiganja juu ya kitambaa. "Mkono huu umelima, umetwanga, umewapokea nyote mlipozaliwa. Huu nautoa mwenyewe."

Jua lilikuwa kali. Mama akataka kumkinga kwa kanga, Bibi akamwambia, "Ukinikinga, utaharibu kazi." Tulipokisuuza kitambaa, kiganja cheupe kikatokea katikati ya buluu, pamoja na kile kidole chake cha mwisho kilichopinda. Baba, ambaye hakuwahi kusikia habari za ule mstari hadi jana yake, alikichukua kile kitambaa kikiwa bado kinachuruzika maji, akaingia nacho ndani, akakaa huko. Hatukumfuata.

Mama alikishona kwenye mfarishi, upande wa kichwani. Bibi alifariki kabla sijapata mtoto wa kwanza, lakini wanangu wote wamelala chini ya mkono ule, na kila mmoja, alipokua, alipima wake juu yake.

Mwanangu, mtu akikunyima kitu chake, usimwibie kwa jina la mapenzi. Mwendee, ukae naye, umuulize sababu. Ukishaijua, iheshimu, hata kama utaondoka mikono mitupu. Huenda akakupa kingine ambacho hukujua kukiomba. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa, nao hawakuwa wakicheza na maneno. Wengine walikuwa wameyaonja yote mawili.

Mungu akujaalie subira ya kungoja, na watu wa kukupa kwa ridhaa. Radhi zangu unazo, nenda nazo kokote uendako.