Funguo Zilikuwa kwa Mama Mkwe

Walisema siwezi. Walisema mtu aliyekuwa akilinda mageti huko Doha hawezi kufungua ukumbi wa michezo ya kompyuta Kitale, nami nikaufungua, kwa jasho langu na diploma yangu (ipo ukutani, njoo usome). Kwa hivyo aibu iliyonipata Bungoma nitaisimulia mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa Barasa, ambaye huongeza chumvi.

Barasa ni rafiki yangu, ana saiba, chumba cha kukodisha kompyuta na intaneti, mjini Bungoma. Tulikuwa tunabishana juu ya ile programu ya duka la mtandaoni ninakonunua michezo. Yeye alisema programu hiyo ndiyo kufuli, imewekwa ili watu wasinakili michezo. Mimi nikasema duka ni duka.

"Ukinunua sukari, mwenye duka anakufuata nyumbani kuona nani anakunywa chai?"

"Huyu wako anafuata, Bwana Doha. Utaona."

Ushahidi nilikuwa nao: mchezo wangu wa magari niliunakili kwenye kompyuta nyingine, ukafunguka bila duka. Basi kanisa moja la Bungoma lilipotafuta mtu wa kupewa chumba cha vijana kila Jumamosi awachezeshe, nikaiahidi kamati kwamba siku ya familia ya kanisa watajionea michezo yangu wenyewe. Nikaazima kompyuta kwa marafiki, moja ya Barasa, nikazinakilia mchezo wa mpira, na kwa kujiamini kwangu sikuujaribu hata kwenye moja.

Siku yenyewe ukumbi wa kanisa ulijaa. Mama mkwe alikuja kutoka Lugulu, akakaa nyuma kabisa na akina mama wenzake, nami niko mbele kabisa, kama desturi yetu inavyotaka, maana mtu na mama mkwe wake hawakaribiani wala hawapeani mikono, hata wakikutana njiani mmoja hukwepa.

Nikafungua mpira. Badala ya uwanja likaja duka, kubwa pale ukutani kwa projekta, mbele ya watu wote, likitaka niingie kwa jina langu. Nikaunganisha intaneti, nikaandika jina na neno la siri, likasema kompyuta hii haliijui, limetuma nambari kwenye simu yangu. Nikaangalia simu, kimya. Nikabonyeza tena, na tena, na kila nikibonyeza, huko nyuma simu inalia.

Hapo ndipo nikakumbuka. Akaunti niliifungua kwa laini yangu ya zamani, na laini hiyo ilikuwa ndani ya simu niliyompelekea mama mkwe niliporudi (pamoja na laini yake, asihangaike, mimi ni mtu wa roho safi).

"Si uende uichukue hiyo nambari?" mchungaji akauliza.

"Siwezi, mchungaji. Ni mama mkwe."

Watu wakaanza kucheka. Nami, badala ya kunyamaza, nikashika maikrofoni nikamwomba mama aisome nambari kwa sauti. Mkwe kumsemesha mama mkwe kwa maikrofoni, kanisani! Mama akajifunika leso usoni, akatoka nje na simu yake, akina mama wote nyuma yake.

"Nilikwambia ni kufuli," Barasa akasema. "Sasa funguo zinaenda Lugulu."

Chumba kikapewa kwaya.

Nilipeleka mbuzi na blanketi Lugulu kupitia shemeji, kwa kuwa kosa ni kosa. Kisha nikarudisha kompyuta za watu, nyumba kwa nyumba, kichwa juu, na kila nyumba wakaniuliza habari za mama mkwe. Ya mwisho ilikuwa ya Barasa.

"Sasa umekubali?"

"Sijakubali, bana. Wa magari ulifunguka bila duka. Kufuli huwekwa na mwenye mchezo, mwingine anaweka, mwingine haweki. Kosa langu ni kutojaribu."

"Na laini je?"

Nikamwonyesha. Mama alikuwa ameirudisha kupitia shemeji, imefungwa vizuri kwenye kipande cha gazeti. Simu alibaki nayo. Tangu hapo nimeapa, nikimpa mtu simu, laini naitoa kwanza. Lakini duka si kufuli, na hilo nitalirudia hata kwa maikrofoni.